Inspekta Ndago Afufuka Taru

Taru, 8 Februari 1998

Mwanangu Kalama,

Salamu tele. U hali gani huko Diani? Mimi mzima, ila magoti tu. Hadithi yako imefika! Tangu mwandishi wao wa zamani afe, Inspekta Ndago wa vile vitabu vya upelelezi na msaidizi wake Sefu walikuwa wamelala. Umewaamsha wewe, askari wa getini kwa Mzungu! Marehemu babako angecheka hadi machozi. Ati vijiko vya fedha vya Mzungu vimefichwa kwenye shimo la choo cha zamani! Nimewasomea watu wote kwenye mnada wa mbuzi. Koplo mmoja, mgeni wa jirani yetu Mbeyu, kasikiliza pia. Nikamwambia, "Mwanangu habuni kitu! Wizi huo umetokea kweli pale anapolinda, na yeye kaujua kabla yenu polisi." Kaziomba karatasi. Nimempa.

Mamako, Jumwa

Rumande, 2 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Magoti yaendeleaje? Mimi si mzima. Polisi walifukua lile shimo kwa Mzungu, wakavikuta vijiko. Nilikisia tu, mama, kama Ndago anavyokisia: mwizi hakupita getini, basi mali haijatoka. Koplo haelewi. "Sefu ni nani? Mtaje mwenzako!" Nikisema Sefu ni wa hadithini, napigwa. Tafadhali njoo kortini, useme nilibuni.

Mwanao, Kalama

Taru, 29 Machi 1998

Mwanangu,

Waendeleaje? Uliniona nilivyosimama kortini? Leso mpya, sauti juu: mwanangu ana kichwa, kabuni yote! Hakimu naye, "Mbona ulimwambia koplo habuni kitu?" Nilitaka wakuone mkubwa, baba. Hayo tu. Sasa miaka mitano jela! Nijibu, hata mstari mmoja.

Mamako

Taru, 14 Septemba 1998

Kalama mwanangu,

Hujambo? Barua zangu mbili hukuzijibu, na ya tatu imerudi. Askari jela wanasema umekataa kuipokea. Nilikuwa nimetia karatasi safi ndani, umwandike Ndago aje akutoe.

Mnadani wakiniuliza, nasema uko Nairobi, wachapishiwa kitabu. Jana Mbeyu kanambia, "Basi tusomee kidogo, mama mwandishi." Nikawahadithia kwa kichwa, maana karatasi zilibaki kortini. Watu wakasogea. Nilipofika kwenye shimo, nikaishia hapo. Nikachukua kamba ya mbuzi wangu, nikaenda zangu.

Hii nayo naituma. Najua itarudi.

Mamako