Mfereji Uliozidi Kina

Mpemba, Alhamisi

Tupa ilipita mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, basi. Nilihisi mkononi kabla sijaona.

Nyuzi nene nilizozifuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, zilikataa kukaa kwenye kile kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi shingoni mwa gitaa la besi. Nikaanza kuipanua kwa tupa mifereji yake, ile nyuzi zinamolala. Ule wa uzi mnene kuliko wote nimeuchimba mno, na sasa uzi unagusa chuma cha kwanza cha shingo na kukoroma kila nikiupiga.

Haya yote ni kwa ajili ya dada Sekela. Tangu afanyiwe upasuaji wa goita, sauti yake haipandi tena. Kwaya ikakubali kushusha kii ili aendelee kuongoza, ila huko chini nyuzi zangu za zamani zililegea kama kamba za kuanikia nguo. Nikasema niachieni mimi.

Leo mazoezini besi ilikoroma mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu wa kwaya akaninyamazisha kwa mkono, akasema, "Jumapili turudi kii ya zamani." Hakumtazama dada. Hakuna aliyemtazama.

Njiani kurudi nyumbani dada hakunilaumu. Afadhali angenifokea.

Nimeujaza mfereji kwa gundi ya supaglu na unga wa mfupa. Unga huo umebanduka. Kipande kingine sijui kama hata Mbeya kinapatikana...

Sasa hivi dada ameingia na sare yake ya kwaya, kaipiga pasi.

"Mpelekee Upendo, mdogo wangu. Ndiye atakayeongoza. Itamtosha."

Nimeilaza juu ya gitaa. Bado ina joto.