Mpunga Nilioung'oa Bugarama

Maman wangu,

Mko aje huko Bukavu? Mimi niko Bugarama, huku Rwanda, ambako joto linaanza kabla ya chai. Chuo kimetuleta kufanya stage, yaani mazoezi ya kazi, ya kilimo katika mashamba ya mpunga, na nimefanya jambo la aibu.

Tangu vita vya huko kwetu, wenzangu wanatutazama vibaya sisi tuliokulia Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotutambulisha. Kwa hiyo mwenye shamba, Maman Zuhura, aliponisalimu kwa Kiswahili, nilimjibu kwa Kinyarwanda kwamba sikijui. Kiswahili, Maman, lugha uliyonibembeleza nayo!

Tukaanza kupalilia. Niling'oa haraka haraka ili waone ninavyojua kazi. Ghafla akapiga kelele, na kwa hofu kikamtoka Kiswahili: "Wacha, mutoto! Hayo si majani, ni mupunga wangu!" Nilielewa kila neno. Lakini kama ningeacha, wenzangu wangejua kwamba Kiswahili nakielewa. Nikaendelea kung'oa mpaka akaja mbio kunishika mkono.

Jioni nilirudi kwake peke yangu. "Maman, nilikusikia," nikamwambia kwa Kiswahili. "Unisamehe."

"Nilijua," akasema. "Ulisimama kidogo, kisha ukaendelea."

Hakucheka. Alichukua miche iliyobaki kitaluni, tukaingia majini wote wawili, tukapanda upya ule mstari. Sikuweza kumtazama usoni.

Leo asubuhi nimemsalimu kwa Kiswahili mbele ya wote. Mmoja wa wenzangu amenigeuzia mgongo. Maman Zuhura ameuliza kama mama yangu yuko hai. Nimesema ndiyo, yuko ng'ambo ya mpaka tu. Anakusalimu sana.

Mungu akulinde, na umbusu bibi yetu Koko kwa niaba yangu.

Mwanao,
Déo