Mafuta ya Mama Yangu

Mujukuu wangu Kahindo,

Nakusalimia toka Butembo. Baridi iko mingi, baba yako mudogo angali anakohoa. Unauliza sababu gani mafuta yako ya ngazi, ile mawese, iliharibika. Ni maji ilibakia ndani.

Nyuma kidogo ya Indépendance, kisha kupata uhuru, uasi ilifika Beni. Mama yangu alikuwa anapika mafuta, tukasikia masasi ya bunduki. Baba akasema: "Tukimbie!"

Mama akajibu: "Tangulia na batoto. Maji haiyaisha ndani ya mafuta. Nikiiacha vile itaoza, tutakula nini?"

Tukakimbilia pori na baba. Tulipotoka kule, tulikuta bidon ya mafuta ndani ya nyumba, mahali pa giza, imefungwa muzuri. Mama hatukumukuta tena, mpaka leo. Baba akaonja, akatugawia. Tulikula ile mafuta miezi mingi, haikuharibika.

Pika mpaka maji yote iishe. Lakini ukisikia masasi, mwanangu, acha yote, ukimbie.

Mukaka wako, nyanya yako,
Masika