Sauti Iliyosifiwa Ikiugua: Kumbukumbu ya Mpendwa Wetu Sosthenes Kasian Kalinga

Mwaka umetimia, mwanetu Sosthenes, tangu Bwana alipokuita ukiwa kitandani hospitalini, mama yako Severina amekushika mkono. Hapa Igowole chai inachumwa kama kawaida, baridi ni ile ile, na watu wa mbali wanaokuja gulioni bado wanatuuliza, "Yule mtoto wenu wa matangazo ya filamu, siku hizi yuko wapi?" Walikujua kwa sauti tu, hata hawana habari kwamba umeondoka.

Na nani hakukusikia? Mtu akinunua filamu Mbeya, Iringa, mpaka Tunduma, kabla picha yenyewe haijaanza ni wewe uliyekuwa unamwambia ipi inakuja, nani kamsaliti nani, na kwa nini asiikose.

Ulianza na spika ya mkononi siku za gulio, ukiita watu kwenye kibanda cha video. Ujira wako ulikuwa kuingia bure. Baadaye ukaenda Mbeya, Faraji akakupokea kwenye studio yake ya kurekodi matangazo pale Mwanjelwa. Filamu usiyoitazama mpaka mwisho hukukubali kuitangaza. Faraji akikuharakisha unamjibu, "Kaka, siwezi kuwaita watu wale chakula ambacho mimi sijaonja."

Nyumbani nako kazi hukuiacha. Ulijifunika blanketi wewe na simu yako ili sauti isivume, halafu unapiga kelele humo ndani, "Mama, mfungie huyo jogoo!" Baba yako alikuwa akiwaambia wageni, "Msijali, anaongea na blanketi lake." Na mama yako akiwa jikoni, ulisimama mlangoni ukaishusha ile sauti:

"Mama mmoja… Sufuria moja… Na maharage yaliyoapa kutokuiva!"

"Toka hapa! Kalete kuni, hayo maharage hayaivi kwa matangazo."

Ulikuwa na huruma, mwanetu. Mtoto akipotea gulioni, uliliacha tangazo la watu waliokulipa, ukamtangaza mtoto mpaka mama yake apatikane.

Sasa mama yako anaandika lile lililomkaa rohoni, na anamwomba kila aliyeshika tangazo hili asiliache katikati.

Sauti yako ilianza kukwaruza kipindi cha baridi. Tukasema ni mafua. Tangawizi ukanywa, asali ukalamba. Baridi ikaisha, mkwaruzo ukabaki. Ila jamani, ile sauti ilivyopendwa! Wateja wakasema sasa ndiyo imekuwa sauti ya dume. Wenye filamu za majini na mashetani wakapanga foleni. Faraji akacheka, "Shekhe, usije ukapona!" Alikuwa anatania, wala hatumlaumu, alikupenda kama ndugu wa tumbo moja. Nawe ukampigia simu mama yako, "Mama, umesikia? Nimeota ndevu kooni." Akakwambia nenda hospitali. Ukamjibu, "Nikamwonyeshe daktari riziki yangu aikate?"

Ugonjwa mwingine unakuja na maumivu, mtu anakimbilia dawa. Huu wako ulikuja na sifa. Saratani ya koo ilikuwa inajichimbia, na sisi tunaipigia makofi. Ulipokubali kupimwa, hata uji ulikuwa hauteremki.

Baada ya arobaini yako, mdogo wako Happy alikwenda Mbeya akashika kipaza sauti chako. Tulifurahi, maana kipaji ni cha nyumba nzima. Lakini mvua za masika zilipokuwa zinaisha alipiga simu, na mama yako akausikia mkwaruzo. Kesho yake alipanda basi la asubuhi, na kanga ile ile ya nyumbani, akaingia studio.

"Mama, ni mafua tu," Happy akasema. "Halafu wateja wameipenda hivi hivi."

"Hata kaka yako walimpenda hivi hivi."

"Jamani, mama! Kwani kila anayekohoa anakufa?"

"Sijui. Ndiyo maana kuna daktari. Vaa viatu."

"Nina tangazo la Ijumaa!"

Faraji alikuwa kwenye mitambo yake. Akainuka, akachomoa waya wa kipaza sauti, akauzungushia mkononi. "Shikamoo mama, nisamehe hata kukuamkia nimesahau. Mchukue. Ijumaa nitatangaza mwenyewe."

"Wewe?" Happy akamgeukia. "Na hiyo sauti ya mbuzi?"

"Hiyo hiyo ya mbuzi. Nimeshazika mmoja, Happy."

Mdogo wako alilia mpaka kwenye benchi la hospitali. Daktari alimpitishia puani kimpira chembamba chenye taa mpaka kooni, akachukua na kipimo. Siku zile za kusubiri majibu, baba yako alilima kipande kile kile cha shamba mara mbili, wala hakujua.

Majibu yakaja. Si saratani. Ni vivimbe vidogo vya kulazimisha koo kila siku bila kupumzika. Wakamwambia anyamaze kabisa kwa muda, kisha afundishwe kutumia sauti bila kujiumiza. Mama yako akarudi naye Igowole. Baba yako akasema, "Leo hata kuku wanasikika humu ndani," na Happy akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Muda aliopewa na daktari ulipokwisha, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, chai hii haina sukari." Mama yako akatoka nyuma ya nyumba kumshukuru Mungu, sukari yenyewe akaisahau.

Basi ninyi mnaokula kwa koo, watangazaji, walimu, wahubiri, wanakwaya, makonda, na wewe unayeita wateja wa nyanya sokoni: sauti ikikwaruza ikapita wiki tatu, nenda ukapimwe. Usingoje maumivu. Nenda hata kama watu wanaisifu, na wakiisifu sana, kimbia.

Misa ya kumkumbuka Sosthenes itasomwa Jumapili hii parokiani Igowole, misa ya kwanza. Somo la kwanza atasoma Happy. Daktari amemruhusu, mradi asipaaze. Tunaomba wenye watoto wakae nao karibu, kanisa litulie, ili tumsikie.

Unakumbukwa na wazazi wako Kasian na Severina, mdogo wako Happy, mjomba wako Jailos, shangazi yako Tusekile, rafiki yako Faraji na wote wa studio, pamoja na majirani wa Igowole.

Pumzika, mwanetu. Maadamu tunaishi, hatutaacha kukukumbuka.