Pombe Iliyotangulia Jibu

Mjukuu wangu Nambozo, mke mwenzangu,

Salamu kutoka Malukhu. Hatujambo, ng'ombe amezaa, na shangazi yako bado anaringia gari lake.

Unauliza kama kuna maana ya kushinda kwenye darubini ukitazama vipande vya matumbo ya watu usiowajua.

Miaka ya hamsini nilikuwa nesi hapa Mbale. Kijana mmoja alipasuliwa, akakutwa na uvimbe kwenye utumbo. Kipande kikakatwa, kikapelekwa kwa basi hadi maabara ya Jinja. Ndugu zake waliposikia neno saratani hawakungoja jibu. Wakapika pombe ya ulezi ya matanga.

Jibu likaja: si saratani, ni kifua kikuu cha utumbo, na dawa ipo. Nilikimbilia wodini nikicheka peke yangu. Wazee wakatazamana.

"Sasa pombe je, sista?"

"Inyweni!"

Wakauleta mtungi nyuma ya wodi, wakaimba. Marehemu wao akajikokota kutoka kitandani, akaomba mrija wa kunywea. Nikamnyang'anya.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kugombana na babu yako, na yule wa darubini kule Jinja hakuwahi kujua alichotuanzishia.

Ni mimi, bibi yako mgomvi.