Beringi ya Tairi la Kushoto

Mama watoto,

Salamu kwako na kwa binti yetu uliyemkimbilia. Mimi mzima, ila kuku wako wananitazama kama mgoni.

Gari limenyamaza. Uliposema tairi la nyuma kushoto linanguruma, nilikubishia kwamba sauti inatoka kulia. Basi nikanunua beringi ya kulia, tena ile ghali, maana ya bei poa hata muuzaji aliionea haya. Fundi akaifunga, tukatoka kujaribu.

"Mzee, bado linalia!"

Akalipiga jeki, akazungusha tairi la kushoto kwa mkono. Nikalitegea sikio la kushoto, sikusikia kitu. Fundi akanitazama, akaninong'oneza sikio lilelile. Kimya. Akahamia la kulia: "Mzee, nimekutukana mara mbili na hukunijibu!"

Beringi ya kushoto tumebadilisha. Sikio halina spea.

Nikakaa nikafikiri. Garini unakaa kushoto kwangu, kitandani unalala kushoto kwangu. Uliondoka ukisema umechoka kuongea peke yako, kumbe uliongea na sikio bovu; mimi nilidhani umeninunia, nikakaza shingo.

Jumamosi nakuja kukuchukua, ukikubali. Utakaa kiti cha nyuma, upande wa kulia, unisimange mpaka nyumbani. Na kitandani tutabadilishana upande. Wangu godoro limebonyea, utanivumilia.

Ni mimi mumeo, nusu kiziwi, kwingine kote mzima.