Mpaka Wawili Wakubali

12 Januari

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima wote, mama anakula vizuri na mwanangu ameota meno mawili. Mgonjwa ni mkono wangu wa kulia tu. Barua pepe nne hukujibu, basi nimeamua kukufuata kwa stempu.

Daktari kaniambia bila kupepesa macho: niache kibodi miezi sita, nipasuliwe, la sivyo vidole hivi havitashika kitu tena. Nitaachaje? Ile programu-jalizi tuliyoiandika tukiwa wanafunzi, kile kipande cha bure kinachounganisha seva na hifadhi za data, leo inatumiwa na mahospitali, mabenki, na watu wasiojua hata kusema asante. Watu wakileta marekebisho, lazima msimamizi ayapitie na kuyaidhinisha. Wasimamizi tuko wawili: mimi mfanyakazi, wewe jina tupu.

Nimempata wa kunirithi. Namwita Mama Majaribio, maana haleti mstari wa programu bila kuujaribu mara kumi. Nimeandika badiliko dogo: mstari mmoja unamwingiza yeye, mwingine unanitoa mimi. Lakini sheria uliitunga mwenyewe, siku ile nilipofuta mashine za chuo kizima: orodha ya wasimamizi haibadilishwi mpaka wawili wakubali. Mimi nimeshakubali; bonyeza "Idhinisha", kaka. Ni kidole kimoja tu.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole sana kwa mkono. Mwambie mama nakula, asiwe na wasiwasi.

Sikukaa kimya kwa kiburi. Mkataba wangu wa kazi unasema programu yoyote nitakayoigusa, hata nyumbani, hata Jumapili, ni mali ya kampuni. Na kampuni inauza kitu kama hichohicho chetu. Nikibonyeza, mwanasheria wao atasema kimeshakuwa chao. Nikiacha kazi, kibali changu cha kuishi hapa kinakufa nayo. Nina dirisha linalotazama ukuta, na kiti kizuri sana. Nimefungwa, mdogo wangu, na sahihi niliitia mwenyewe.

Achana nayo. Iache ife.

Kaka yako

20 Machi

Kaka,

Hujambo nitakuuliza siku nyingine.

Juzi nilimwangusha mtoto. Nilikuwa namtoa kwenye beseni, vidole vikafa ganzi, akateleza. Aliangukia godoro, Mungu mkubwa, akacheka. Mimi ndiye niliyelia hadi mama akaja mbio.

Iache ife, unasema! Wiki iliyopita fundi wa mitambo wa hospitali moja aliandika kwamba rekodi za wagonjwa hazifunguki. Mama Majaribio aliandika kiraka cha kuziba kasoro, mimi nikakipitia mstari kwa mstari kwa mkono wa kushoto, nikakiidhinisha. Ningemwambia nini yule fundi? Kwamba kaka yangu ana kiti kizuri?

Usiniandikie mpaka umebonyeza. Sitajibu.

Mdogo wako, nifanyeje

9 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Hamjambo wote? Miezi hii yote kila nikikaa namwona mwanao akidondoka. Mwezi wa tano niliandika barua ya kuacha kazi. Bosi alidhani nataka nyongeza ya mshahara, masikini. Mkataba ulinibana miezi mitatu zaidi, na jana umekwisha. Leo saa nne asubuhi nimefungua ukurasa wetu, nikakuta badiliko lako bado linasubiri. Nimebonyeza. Umetoka! Nenda hospitali, usingoje kesho.

Kibali changu kinaisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo narudi nyumbani mikono mitupu. Mama Majaribio nitamshika mkono mpaka azoee, kisha na mimi nipumzike.

Kaka yako

21 Agosti

Kaka,

Shikamoo, na karibu nyumbani. Chumba chako mama amekifagia mara tatu. Nimeshapasuliwa salama. Haya nayasema kwa mdomo, mume wangu ndiye anayeandika, usishangae mwandiko.

Ungeniuliza kwanza. Mwezi wa sita Mama Majaribio alipata kazi. Kampuni nyingine, mkataba uleule: atakachogusa ni chao. Aliniaga huku analia. Sasa umemwingiza kwenye orodha na hawezi kubonyeza chochote. Hawezi kumkubali mtu mpya, wala kukukubalia wewe utoke. Umebaki peke yako, kaka, na yule fundi wa hospitali ameshauliza nani yuko zamu.

Utasema, mbona sikulifuta badiliko langu? Nilikaa mbele yake asubuhi nzima, kidole juu ya kitufe cha kufuta. Nikajiambia, huenda siku moja kaka akabonyeza. Nikaliacha makusudi, huku najua. Hapa mume wangu amesita, nimemwambia andika.

Mama anasema nikuombe radhi. Nakuomba, kaka, kwa moyo wote. Lakini nisikudanganye: nimefurahi. Nakuonea huruma, naona haya kukutazama usoni, na kwenye orodha sirudi.

Mdogo wako